Je, Wajua? Hemofilia Si Ugonjwa wa Sura Moja

Mvulana akitahiriwa huko Nyamianda, mjini Uvira, na damu ikakataa kukatika, huenda chanzo si wembe bali protini moja ya damu. Hemofilia A hutokana na kasoro ya fakta VIII. Hemofilia B, ya fakta IX. Jeni za zote mbili ziko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaoumia zaidi ni wavulana, na mama huweza kubeba kasoro hiyo bila kujua. Asilaumiwe.

Kuna mwili usiotengeneza protini hiyo kabisa. Mwingine huitengeneza tele, ila asidi amino moja imebadilika na kazi haifanyiki. Katika hemofilia A kali, asilimia 40 hadi 45 ya wagonjwa wana kipande cha jeni kilichopinduka. Mwenye aina ya Leyden ya hemofilia B hupata nafuu akibalehe. Badiliko la Padua, lililoelezwa mwaka 2009 kwa kijana wa Italia aliyeganda damu mshipani, huongeza nguvu ya fakta IX takriban mara nane; leo linatumika katika tiba ya jeni.

La kututia hamu zaidi sisi Waafrika: mwaka huohuo wa 2009, watafiti wa Marekani waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa Weusi wana miundo ya fakta VIII iitwayo H3 na H4, ilhali dawa za viwandani zinafuata H1 na H2. Wenye H3 au H4 walikutwa na kingamwili zinazoizima dawa mara nyingi zaidi kuliko wenzao.