Sumu ya Panya na Mbwa wa Nyumbani

Katika wilaya ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, mbwa hufugwa hasa kwa kulinda mashamba na nyumba. Hulala nje na mara nyingi hujitafutia chakula mwenyewe. Kwa sababu hiyo, sumu aliyotegewa panya humfikia na yeye kwa urahisi.

Dawa nyingi za panya, kama vile warfarini na brodifakumu, hudhuru kwa njia moja. Ini huhitaji vitamini K ili kutengeneza protini za kugandisha damu. Vitamini hiyo ikishatumika, mwili huirejesha katika hali ya kufaa tena. Sumu huzuia urejeshaji huo. Hata hivyo, protini zilizokwisha kutengenezwa hudumu kwa muda, hivyo mbwa aliyekula chambo huonekana mzima kabisa. Baada ya siku mbili hadi tano hivi, damu huanza kuvuja mwilini: ufizi hupauka, mnyama hulegea na kupumua kwa shida. Anayengojea dalili hizo huwa amechelewa. Tena, brodifakumu hukaa katika ini kwa majuma mengi, kwa hiyo hata mzoga wa panya unaweza kumdhuru mbwa aulaye.

Viuatilifu vya jamii ya organofosfeti hutenda upesi zaidi. Huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva baada ya kila ujumbe. Mbwa hutokwa na udenda, hutetemeka na mboni zake husinyaa, mara nyingi katika muda wa dakika au saa chache.

Sumu ya kwanza hutibiwa kwa vitamini K1, na ya pili kwa atropini. Hivyo basi, mbwa apelekwe mara moja kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya sumu yenyewe. Kumnywesha maziwa, mafuta au maji ya chumvi hakufai: vyaweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi ni sumu nyingine.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Chambo kiwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu la kupita panya tu. Mizoga ifukiwe chini sana. Viuatilifu vifungiwe katika vyombo vyake vya asili, wala visitiwe katika chupa za soda.

Jambo hili lahusu pia afya ya watu. Pemba ilitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. Ugonjwa ukarudi mwaka 2016, ukatokomezwa tena mwaka 2018. Ili kuuzuia, inapasa kuchanja mbwa wapatao asilimia 70. Mbwa aliyechanjwa akifa kwa sumu, nafasi yake huchukuliwa na mtoto wa mbwa asiye na chanjo, na ngao ya kijiji kizima hupungua.