Barua ya Shukrani Haiombi Kitu

Sisi watu wa pwani tunayo ada: sahani ya jirani hairudishwi tupu. Lakini yako mahali ambapo sahani yapasa irudi na maneno mema peke yake, wala isitiwe kitu kingine. Mahali penyewe ni baada ya mahojiano ya kutafuta nafasi ya chuo.

Natutazame mbali na bahari. Kapedo ni mji mdogo mpakani mwa Turkana na Baringo, penye chemchemi za maji ya moto yaporomokayo majabalini. Wizi wa mifugo na uhasama umevuruga masomo ya watoto wa huko mara nyingi. Kijana wa Kapedo akipata C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE, huweza kupangiwa chuo kikuu na KUCCPS, shirika la serikali, kwa alama zake, pasipo kuonana na mtu. Lakini akitafuta ufadhili au chuo cha ng'ambo, aghalabu huitwa kuhojiwa. Kadhalika katika kaunti ya Turkana, kambini Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, vijana wakimbizi wamekuwa wakihojiwa kabla ya kupelekwa vyuo vya Kanada na shirika la World University Service of Canada, lililoanza mpango huo mwaka 1978. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi.

Hapo ndipo adabu inapopata mtihani. Marekani na Kanada, wengi humwandikia aliyewahoji katika siku moja au mbili. Kijana wetu huona haya, akihofu kudhaniwa anajipendekeza. Mwingine, kwa dhiki, huona afadhali apeleke mbuzi au bahasha. Wa kwanza amenyamaza pasipo haja. Wa pili ametoa rushwa, hata akiiita zawadi. Dini imetukataza rushwa, na papo hapo imetufunza kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mola wake.

Barua yenyewe na iwe fupi, kwa mfano:

"Mheshimiwa, nakushukuru kwa kunisikiliza jana. Swali lako juu ya maji ya kijijini kwetu limenifanya nifikiri zaidi. Nakutakia safari njema."

Tazama, msomaji: hakuna "naomba", hakuna "nisaidie", wala shida hazikuhadithiwa upya. Limetajwa jambo moja walilozungumza, basi. Waliohoji wakiwa watatu, washukuriwe wote. Mtandao wa simu usiposhika, mwalimu au msafiri ataichukua karatasi.

Wala asidhani barua itamwongezea alama. Mwenye kuhoji kwa haki hatoi nafasi kwa ajili ya barua. Jibu likija la kukataliwa, shukrani ile haikupotea, kwani ilikuwa ya saa ile aliyosikilizwa, nayo alikwisha kuipata. Shukrani ya punda ni mateke. Ya muungwana hutangulia jibu, wala haigeuki jibu likiwa chungu.