Kufungua Turbo Iliyoganda

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda kwa kona. Gari kuukuu la dizeli likizimwa mara tu linapofika, oili iliyobaki kwenye turbo yenye moto huungua, ikaacha masizi magumu yanayokwamisha mhimili. Nati za upande wa eksozi nazo hushikwa na kutu.

Fundi asilazimishe, stadi ikikatika ndani, gharama huongezeka. Injini ikipoa, apake mafuta ya kulegeza kutu, aache usiku kucha, kisha afungue kidogo kidogo, akirudisha kila nati inapokaza.

Kamati za parokia ziwakumbushe madereva: kabla ya kuzima, injini ingurume taratibu dakika 2 au 3. Fedha ya turbo mpya tuibakize kwa dizeli ya kuwafikisha wagonjwa Bumbuli.