Kibibi Kizee Alipokuwa Mtoto wa Shule

Hadithi! Hadithi!

Najua mmeshaanza kujibu "uongo njoo", lakini leo uongo hatuuhitaji. Hadithi ya leo ni ya kweli tupu, na utamu wake utakolea wenyewe. Sogeeni.

Mnaijua Juventus? Mnaijua sana, namwona mmoja wenu hapo kavaa jezi yake. Watangazaji wetu huiita Kibibi Kizee cha Turin. Basi mjue, wapwa zangu, kwamba kibibi huyo alizaliwa na watoto wa shule. Hakuzaliwa na tajiri. Hakuzaliwa na kocha. Alizaliwa na wanafunzi wa sekondari waliotaka tu kucheza wakitoka darasani.

"Mjomba, kweli?"

Kweli kabisa, na shahidi yupo. Shahidi ni benchi. Hebu tulisikilize.

"Mimi ni benchi," lasema. "Makazi yangu ni barabara ya Corso Re Umberto, mjini Turin, kaskazini mwa Italia. Mwaka ni 1897. Kuna shule mjini iitwayo Massimo d'Azeglio. Huko vijana wanafundishwa Kilatini na Kigiriki mpaka vichwa viwaume. Wakitoka, wanakuja kwangu. Wawili watatu wanakaa, waliobaki wanasimama. Wengi wana miaka 14 mpaka 17. Wanaongea nini? Mpira! Jana mpira, leo mpira, kesho mpira. Wenyeji wengi hapa bado hawaujui mchezo huu. Umeletwa na Waingereza na wafanyabiashara waliokaa kwao. Jioni moja vijana wangu wakasema, tuunde timu yetu wenyewe. Nao wakakubaliana."

Najua swali linalokuwasha. "Mjomba, timu si mpira na miguu tu? Kuna nini cha kukubaliana?"

Ahsante sana, mwanangu! Wakubwa wengi hawaulizi swali hilo, ndiyo maana timu zao hufa hata jezi hazijachanika.

Mkipika pilau la pamoja, huyu analeta mchele, yule nyama, yule bizari. Nyumba moja inatoa sufuria na uani wa kupikia. Asiye na kitu anakwenda kutafuta kuni. Kula hakuna anayekushindwa. Kazi ni ile ya kabla: nani alete nini, na tupikie kwa nani? Timu nayo ni hivyo hivyo.

Uani wa wale vijana ulikuwa karakana. Ndugu wawili, Eugenio na Enrico Canfari, kwao kulikuwa na karakana ya baiskeli, pale pale Corso Re Umberto. Timu ikapata pa kukutania, katikati ya minyororo na magurudumu. Eugenio akawa rais wa kwanza. Mwaka uliofuata akampisha Enrico. Uwanja hawakuwa nao, basi wakacheza Piazza d'Armi, mahali pa wazi ambapo askari walifanyia gwaride. Nao wakakubaliana.

Jina lilileta ubishi. Kulikuwa na pendekezo la kuita timu kwa jina la shule. Likakataliwa. Lililoshinda ni Juventus, neno la Kilatini lenye maana ya ujana, na halikupita kwa shangwe. Walikubali tu ili waendelee na mambo mengine. Mimi nawaelewa, nimehudhuria vikao vya harusi.

Sasa jezi. Jezi zao za kwanza zilikuwa nyeusi na nyeupe?

"Ndiyo, Mjomba!"

Hapana! Zilikuwa za pinki. Tena walizivaa na tai nyeusi shingoni.

"Mjomba, mtu anacheza mpira na tai?"

Anacheza! Vijana wa shule walitaka kupendeza. Kitambaa kilikuwa cha bei rahisi, nacho kikafuliwa, kikafuliwa, kikapauka. Mwaka 1903 ikabidi watafute jezi nyingine. Katika timu alikuwamo Mwingereza mmoja, John Savage, mwenye rafiki yake mji wa Nottingham. Rafiki akaombwa atume jezi kutoka Uingereza. Mjini kwake kulikuwa na klabu kongwe, Notts County, iliyoanzishwa mwaka 1862, na jezi zake zilikuwa na mistari myeusi na myeupe. Akatuma za namna hiyo. Vijana wakazivaa, na mistari hiyo ipo mpaka leo. Na ile pinki? Haikutupwa. Juventus wameirudisha mara kadhaa kwenye jezi za ugenini, kama msimu wa 2015/16.

"Mjomba, walishinda siku ya kwanza?"

Walifungwa. Mechi yao ya kwanza ya ubingwa wa Italia ilikuwa 11 Machi 1900, dhidi ya jirani zao FC Torinese. Wakalala 1-0. Wakarudi karakanani, wakafua jezi zao za pinki. Ubingwa wa kwanza waliupata mwaka 1905, wakati wale wa benchi walishakuwa watu wazima. Shule ilikwisha, timu haikwisha.

Sitaki mdhani kwamba wao walikuwa malaika. Mwaka 1906 ulizuka ugomvi mkubwa juu ya namna klabu inavyoendeshwa. Rais wakati huo alikuwa Mswisi aitwaye Alfred Dick. Akaondoka kwa hasira, akaondoka na baadhi ya wachezaji. Wakaungana na nani? Na watu wa FC Torinese, wale wale wa 1-0! Desemba 1906 wakaanzisha Torino. Safari hii hawakukubaliana, na ndiyo maana mji mmoja una timu mbili zinazokabana koo mpaka leo. Kwa maoni yangu, ugomvi ule uliwafaa watazamaji kuliko amani.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. "Mjomba, benchi haliongei. Umejuaje yote haya?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo! Umenibana vizuri, mwanangu, usiache tabia hiyo. Benchi haliongei, ni mimi niliyelipa sauti. Lakini Enrico Canfari aliandika. Aliandika habari za benchi, za karakana, za ubishi wa jina. Mwaka 1915 akauawa katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yakabaki.

Juventus walipofungua uwanja wao mpya, tarehe 8 Septemba 2011, walimwalika nani acheze nao? Wangeweza kuwaita matajiri wa Madrid. Waliwaita Notts County. Mechi ikaisha 1-1.

Basi ninyi wa kidato cha nne na cha sita, mnaojua kwamba mwakani huyu atakwenda Dodoma, yule Mombasa, na mwingine atabaki dukani kwa baba yake, msingoje mtihani uishe. Kaeni jioni hii. Tafuteni nyumba yenye uani, mgawane michango, mbishane jina. Rangi ya jezi isiwape shida sana. Ila mmoja wenu aje na daftari, aandike tarehe, na majina ya wote waliokuwapo.