Kabla vuli haijaanza, soma tena mkataba wa bima ya nyumba yako

Leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu. Vuli inakaribia huku kwetu Kanda ya Ziwa na wengi mmeshaanza kuandaa mashamba. Swali langu ni moja: nyumba unayolala, na stoo yenye mavuno yako, umeiandaa?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza kwa maumivu. Nyumba yangu ya Kisesa niliimalizia kwa mkopo, na mkopo ulikuja na bima. Nikiona yale makato, najua niko salama. Mwezi Machi, alfajiri, upepo ukavuma kutoka ziwani, ukabeba bati za upande mmoja pamoja na mbao zake. Ndani mlikuwa na magunia 14 ya mpunga na vifaranga 200 chini ya taa. Mpunga ukalowa, vifaranga karibu wote wakafa.

Nikaenda kwa wakala nikiwa na matumaini. Akafungua mkataba, akaweka kidole: moto na radi. Basi. Upepo haukuwemo, mpunga haukuwemo, vifaranga ndiyo kabisa. Na hata kama nyumba ingeungua, wa kwanza kulipwa ni aliyenikopesha. Sikuwa na wa kumlaumu. Karatasi ilikaa kabatini miaka miwili sijaisoma, mimi ambaye kila siku nawaambia wakulima wasome lebo ya dawa kabla ya kupiga!

Wala tusijidanganye kwamba majanga ni ya wengine. Machi 2015, mvua ya mawe na upepo vilipiga Mwakata, wilayani Kahama, jirani zetu tu hapo, zaidi ya watu 40 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilijaa likaingia kwenye makazi na mashamba ya pembezoni.

Kwa hiyo toa mkataba wako leo, tuupitie pamoja.

1. Angalia majanga yaliyoandikwa. Bima ya moto ya kawaida huanza na moto na radi. Dhoruba, mafuriko na maji ya mvua mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada. Kama neno halimo kwenye mkataba, usihesabu kwamba limo. Angalia pia yaliyokataliwa: bati lililooza kwa kutu au ukuta uliokuwa na nyufa siku zote huwa halilipwi, kwa sababu bima ni ya ajali, si ya uchakavu.

2. Angalia mali iliyomo. Bima ya jengo ni ya jengo. Magunia, pampu ya kumwagilia, sola na samani vinatakiwa viorodheshwe. Mifugo na mazao yaliyoko shambani yana bima zake. Mwaka 2023 kampuni kadhaa za bima ziliungana kwenye umoja wa bima ya kilimo unaoitwa TAIC, kwa hiyo muulize wakala wako kuhusu huduma hizo.

3. Angalia kiasi. Hapa ndipo wengi tunaumia. Tuseme kuijenga upya nyumba yako ni shilingi milioni 40, lakini uliikatia bima ya milioni 20 ili ulipe kidogo. Upepo ukileta hasara ya milioni 6, kampuni inaweza kukulipa milioni 3 tu, kwa hesabu kwamba ulikata bima ya nusu ya nyumba. Bado itatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe. Na usitumie bei uliyojengea miaka ile. Ulizia bati, saruji na fundi kwa bei ya leo. Kiwanja usikihesabu, hakiezuliwi na upepo.

4. Sema ukweli. Kama umeongeza chumba, umefungua duka mbele au unahifadhi petroli ya pampu ndani, ijulishe kampuni kwa maandishi. Hali kadhalika kama uko karibu na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au kingo za mto. Ukificha, siku ya kudai ndiyo itakayokuumbua.

5. Angalia tarehe na uhalali. Bima iliyoisha jana haina msaada leo. Hakiki namba yake kwenye mfumo wa TIRA, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia bima nchini. Wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Na usingoje mpaka wingu jeusi lisimame juu ya ziwa, kwa sababu bima haifidii hasara iliyotokea kabla hujakata.

Sasa kazi ya mikono. Piga picha nyumba nzima, ndani na nje, paa na stoo, tunza na risiti, kisha mtumie ndugu nakala. Kaza misumari ya bati, punguza matawi yaliyoegemea paa, zibua mitaro, inua magunia juu ya chaga. Haya yafanye hata kama bima huna, maana hayahitaji wakala.

Ikitokea hasara, okoa watu kwanza. Kisha piga picha kabla ya kufagia, funika paa kwa turubai na utunze risiti yake, toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na ijulishe kampuni siku hiyohiyo kama unaweza. Vilivyoharibika usivitupe mpaka mkadiriaji wa hasara avione. Wakikukatalia na huridhiki, omba sababu kwa maandishi. Bado ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mimi niliezeka upya kwa pesa ya ada ya mtoto, na ule muhula ulikuwa mgumu. Siku hizi mkataba wangu una dhoruba, mafuriko na stoo, na kila utabiri wa msimu wa TMA ukitoka nausoma tena. Inanichukua nusu saa, chini ya muda wa kupalilia matuta mawili.

Tukutane shambani.