Kuacha pombe: wapi kupata kikundi cha kusaidiana, na ndani kunafanyika nini?

Katika miji ya Kivu, mwenye kutafuta pombe hatembei mbali. Kasiksi inauzwa nyumbani kwa watu, lutuku na kanyanga zinapimwa kwa kikombe kidogo, bia iko kila kona ya barabara. Lakini yule anayetaka kuacha mara nyingi hajui aanzie wapi. Anaahidi bibi yake, anaapa mbele ya pasta, anamaliza siku tano, kisha matanga au ndoa inamrudisha pale pale. Kwa mtu wa namna hiyo kuko njia ambayo imesaidia wengi katika inchi nyingine: kukutana kila juma na watu wenye shida sawa na yake.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcooliques Anonymes, kwa kifupi AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, wakati Bill Wilson alipokutana na munganga Robert Smith. Wote wawili walikuwa walevi. Wilson alikuwa ameona kwamba kuzungumza na mlevi mwenzake kunamsaidia yeye mwenyewe asinywe. Leo AA iko katika inchi karibu 180.

Mwaka 2020, watafiti walikusanya matokeo ya uchunguzi 27 juu ya njia hiyo. Mwaka mmoja baadaye, watu 42 kwa 100 kati ya waliosindikizwa kuingia AA walikuwa hawanywi kabisa, na 35 kwa 100 kati ya waliopewa matunzo mengine. Maana yake, wengi wanaanguka tena. Ndiyo sababu anayeanguka hafukuzwi. Anarudi kwenye kiti chake.

Ndani ya mkutano

Mkutano unachukua saa moja hivi. Hakuna kadi, hakuna mchango wa lazima. Sharti ni moja tu: kuwa na nia ya kuacha pombe. Kila mtu anataja jina lake la kwanza peke yake, anaeleza maisha yake, na wengine wanasikiliza bila kumkata maneno wala kumhukumu. Mgeni anaweza kusema, « leo nasikiliza tu ». Mikutano mingine ni ya walevi peke yao, mingine inakubali jamaa na rafiki. Kwa jamaa wa walevi kuko pia Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951.

Yaliyosemwa ndani yanabaki ndani. Katika kata zetu, ambako habari zinatembea haraka, sheria hiyo ndiyo inayobeba yote, zaidi sana kwa mwanamke anayekunywa, kwa sababu yeye anachekwa mara mbili. Kuko pia mama anayepika lutuku ili alipe masomo ya watoto, naye mwenyewe anaionja kila siku. Huyo anahitaji watu wa kufikiri naye namna ya kubadilisha biashara.

AA inazungumzia Mungu « kama kila mtu anavyomwelewa », lakini si kanisa. Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu na asiyesali wanakaa pamoja.

Kwanza, pita kwa munganga

Mtu anayekunywa sana kila siku asikate pombe kwa ghafula akiwa peke yake. Ikiwa asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe, hiyo ni alama ya hatari. Katika siku mbili za kwanza bila pombe anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Wengine wanakufa. Watu wengi wanasema ni pepo. Kuomba si vibaya, lakini mgonjwa apelekwe haraka kwenye kituo cha afya: kuko dawa za kutuliza hali hiyo, na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Pa kuuliza

Bukavu kuko Sosame, Goma kuko Tulizo Letu, vituo viwili vya magonjwa ya akili vya Wafrere wa Charité. Uliza pale matunzo, na pia kama wagonjwa waliotoka wanakutana mahali. Uliza vilevile kwenye kituo cha afya, parokia au msikiti. Mwenye simu na intaneti anaweza kufuata mikutano ya AA kwa Kifaransa, bila kuonyesha uso wake.

Na kama hakuna kikundi karibu? Kufuatana na kanuni za AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wamekwisha kuwa kikundi, mradi kisiwe chini ya kanisa, chama cha siasa au shirika lingine. Hakuna haja ya kungojea ONG, wala mtu wa kulipa pesa ya usafiri. Chagueni siku na saa zisizobadilika, ikiwezekana Jumamosi jioni, saa ambayo buveti zinajaa. Kaeni mbali na mahali wanapouza pombe. Wekeni chai mezani. Mtu akikosa kuja, mmoja wenu amtembelee kesho yake asubuhi.