Amri na Upakiaji wa Data katika Programu za Tarakilishi

Mtumiaji wa kamusi ya tarakilishi anapobofya kitufe cha "Tafuta" kisha dirisha likaganda, aghalabu hudhani kwamba mashine imeharibika. Mara nyingi kosa limo katika mpangilio wa programu yenyewe. Makala haya yanafafanua mbinu mbili za kuepuka tatizo hilo, kwa mfano wa WPF, mfumo wa kuundia madirisha uliotolewa na Microsoft mwaka wa 2006.

Mbinu ya kwanza ni kufungamanisha kitufe na amri. Amri hujitegemea nje ya dirisha, nayo hubeba mambo matatu: kazi ya kutekelezwa, swali iwapo kazi hiyo inaruhusiwa kwa sasa, na taarifa kwamba jibu la swali hilo limebadilika. Kisanduku cha neno kikiwa kitupu, jibu ni "la", na kitufe hufifia chenyewe. Aidha, amri moja yaweza kutumiwa na kitufe, menyu na kibodi.

Mbinu ya pili yahusu data. Dirisha huhudumiwa na uzi mmoja wa utekelezaji, ambao huchora na kupokea mibofyo. Uzi huo ukisubiri hifadhidata, huwa kama mhudumu wa mkahawa anayesimamia chungu jikoni hadi kiive, huku wateja wakimwita bila kuitikiwa. Baada ya sekunde 5 za kimya, Windows huihesabu programu kuwa haiitikii. Tangu mwaka wa 2012, lugha ya C# ina maneno async na await, yanayoiwezesha kazi kusita mahali pa kusubiri, kuuachilia uzi, kisha kuendelea data ifikapo.

Mbinu hizi hukutana wakati wa kusubiri. Amri hujibu "la" ili mtumiaji asibofye mara ya pili. Data ikifika, au hata ikikosekana, jibu sharti lirudi kuwa "ndiyo", la sivyo kitufe kitabaki kimefifia daima.

Kwa mwanaisimu, hapa pana funzo la istilahi. Tafsiri sisisi, "upakiaji usio wa wakati mmoja", hupotosha, kwani lengo hasa ni dirisha na data kuendelea kwa wakati mmoja. "Upakiaji usiozuia" hueleza kazi yenyewe. Istilahi bora, basi, hutokana na kuielewa dhana kabla ya kulitafsiri neno.